Watu wa Joto Kwenye Shamba la Baridi

Enzi zetu mtoto hakuulizwa kama anasikia baridi. Aliulizwa kama ameshamfungulia ng'ombe. Siku hizi watoto wa ndugu zangu wakija Desemba kutoka mjini, wanashuka wamevaa majaketi yenye manyoya shingoni, utadhani ni kondoo waliopanda gari, na kabla hawajanisalimia wanauliza kama kuna maji ya moto ya bomba. Nawacheka. Ninyi wa rika langu mliokulia upande huu wa juu, ambako mlima unawapulizia pumzi yake kila asubuhi, mnajua ninachokicheka. Lakini nacheka kidogo tu, maana mimi mwenyewe sikuzaliwa kwenye baridi. Mimi ni mtu wa joto. Nilizaliwa Mitunguu.

Kule Mitunguu hatukujua sweta ni la nini. Tulikuwa na mfereji uliopita nyuma ya nyumba, na migomba iliyosimama kandokando yake kama watu waliopanga foleni. Tulioga mferejini, tukafua mferejini, tukagombana mferejini. Jua likizidi tulijilaza chini ya migomba na kusikiliza maji yakienda. Chakula kilikuwa ndizi: ndizi za kuchemsha, ndizi za kuponda na njahi, yale maharage meusi, ndizi mbivu za kuiba. Baba alikuwa akimlimia mtu mwenye shamba lenye maji, nasi tulikaa kwenye nyumba ya huyo mwenye shamba. Nyumba za kwetu zilijengwa kwa namna ambayo ukuta haukufika kwenye paa. Liliachwa pengo la kupitisha hewa, kwa sababu bila hewa ungeiva humo ndani kama ndizi kwenye shimo.

Sasa baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa ndoto. Alinunua kipande cha ardhi mbali kule kaskazini, kupita Kibirichia, pale ambapo ukipanda kilima unaiona nchi ya Isiolo chini imetandazwa kama ngozi iliyoanikwa. Ardhi ilikuwa rahisi kwa sababu watu wa kwetu hawakuitaka. Mama alisema hilo shamba linafaa kuhifadhia nyama tu. Baba akacheka, akaenda akajenga kijumba cha mbao, akarudi na midomo iliyopasuka, akasema siku moja tutahamia. Hatukuhama. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla nyasi hazijaota vizuri kwenye kaburi lake.

Mimi, Kagwiria, ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilikuwa darasa la saba. Mwenda alinifuata, kisha Nkirote, kisha Mutuma ambaye alikuwa bado anang'oka meno ya mbele. Baada ya mazishi mwenye shamba alihitaji nyumba yake kwa ajili ya mfanyakazi mwingine, na jamaa wakaketi kutujadili. Baba mdogo Gitonga, ndugu yake baba wa tumbo moja, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na moyo mkubwa, na akatugawa kama mtu anavyogawa mzigo ili usimvunje mtu mmoja mgongo. Mwenda angeenda kuchunga mbuzi Tharaka kwa mjomba. Nkirote angeenda Maua kwa shangazi aliyekuwa na duka. Mutuma angekaa kwake. Mimi ningetafutiwa kazi ya nyumba.

Nikasimama. Enzi zetu msichana hakusimama mbele ya wazee, lakini miguu yangu ilitangulia. Nikasema baba alituachia shamba, na sisi tutaenda kwenye shamba la baba, wote wanne, pamoja. Shangazi akasema tutakufa kwa baridi kabla ya Jumapili. Baba mdogo akasema, "Haya. Nendeni. Mpande viazi, kwa sababu huko ni viazi. Siku ya kuvuna nitakuja mwenyewe. Lundo la viazi likifika kwenye dirisha la baba yenu, mmejua kujilisha, mtakaa. Lisipofika, kila mtu anaingia garini na kwenda pale nilipomwambia, na sitaki kilio."

Basi nikaacha shule na kuwa mama mwenye nyumba.

Tulipanda lori la ndizi, tukaketi juu ya mikungu. Tulibeba sufuria za mama, kuku mmoja mwenye hasira, na machipukizi ya migomba yaliyofungwa kwenye gunia lenye maji, kwa sababu hakuna mtu wa Mitunguu anayehama bila migomba. Kila kilima tulichopanda, Mutuma alisogea karibu nami zaidi. Tulipofika ukungu ulikuwa umeketi juu ya shamba kama kuku anayeatamia. Na ile nyumba ya baba, jamani. Baba alijenga kama alivyojua. Aliacha pengo kati ya ukuta na paa, pana, zuri, la kupitisha hewa.

Hewa ilipita. Hewa ya mlima ilipita usiku na mchana kama mtu mwenye funguo zake. Kesho yake tulikwenda kwenye mashamba makubwa ya ngano, tukaokota majani makavu yaliyobaki baada ya mavuno, tukaziba pengo lote kwa kuyashindilia. Kwa miaka mingi nyumba yetu ilionekana kama mtu aliyevaa kofia ya nyasi, na ndege walikuja kuitoboa ili wajenge humo. Tulikuwa tukilala na kuamka na vifaranga vya watu wengine.

Nakumbuka asubuhi ya kwanza kuliko zote. Mutuma alitoka nje kukojoa, akarudi amefunga mdomo kwa mikono yote miwili. Nikamwuliza kuna nini. Akakataa kusema. Mwenda alipomtoa mikono, moshi ukatoka kinywani, na mtoto akaanza kulia kwamba tumboni mwake kunaungua. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona pumzi yake. Nikatoka nje na mimi nikapumua, na mimi nikatoa moshi. Nkirote akapumua. Mwenda akatafuta kijiti, akakishika kama sigara, akatembea uani akipuliza kama mzee wa baraza. Siku ile tulivuta sigara za vijiti mpaka jua likapanda na kutunyang'anya moshi.

Nyasi zilikuwa nyeupe. Zile chembe za barafu, zinazoitwa sakitu, zilifunika kila kitu, na tulidhani mtu amemwaga chumvi. Mwenda alilamba. Migomba yetu tuliipanda hata hivyo, kwa heshima yote, na kabla ya mwezi kuisha ikawa myeusi ikalala chini kama vitambaa vya kudekia. Tuliizika. Kuku pekee ndiye aliyezoea upesi, kwa sababu alihamia jikoni na akakataa kutoka.

Moto wetu ndio uliotupeleka kwa jirani. Enzi zetu kiberiti kikiisha, au kikilowa kama chetu kilivyolowa, hukuenda dukani. Ulikwenda kwa jirani na kipande cha bati, ukaomba kaa la moto. Jirani yetu wa juu alikuwa Mzee M'Ikiara. Aliishi peke yake na ng'ombe mmoja na mbwa wawili, wanawe wakiwa mjini. Tulikuwa tumeshaonywa njiani na watu ambao hata hawakutujua: yule mzee hakupi hata kivuli cha mti wake. Walisema aliwahi kumfuata mtu hadi sokoni kudai kurudishiwa kamba ya mbuzi.

Nilikwenda na Mutuma. Mzee alisimama langoni, amevaa kofia ya sufu iliyoshuka mpaka nyusi, akatutazama miguu mitupu.

"Watu wa joto," akasema. "Mmekuja kufanya nini huku?"

Nikamwambia tunaomba moto.

"Moto wangu ni wa kuni zangu. Kuni zenu ziko wapi?"

Akaanza kufunga lango, kisha, nadhani kwa mazoea tu, akauliza sisi ni watoto wa nani na wa ukoo gani. Nikamtajia jina la baba, na la babu, na ukoo wetu. Mkono wake ukabaki kwenye lango. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akatazama mlima kama mtu anayetafuta shahidi.

"Katika mashamba yote ya nchi hii," akasema polepole, "mmekuja kukaa karibu na langu."

Ninyi wa Meru mmeshaelewa. Kwa wasioelewa nitaeleza. Kuna kitu kinaitwa gichiaro. Ni undugu wa kiapo ambao mababu wa koo mbili walikula zamani sana, na unawafunga watoto wao milele. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu huwezi kumnyima, na huwezi kumdanganya. Ukimnyima, laana itaanza na ng'ombe wako na kumalizia kwako. Ukoo wetu na ukoo wa Mzee M'Ikiara ni gichiaro. Mtu mchoyo kuliko wote kati ya mlima na Isiolo alikuwa amepewa majirani ambao hawezi kuwanyima.

Alitupa moto. Alitupa na kuni. Akanung'unika mpaka tukafika kwetu bado tunamsikia.

Mimi niliona haya, lakini Mutuma aliona mlango wazi. Kesho yake alikwenda peke yake akaomba maziwa, akarudi na kibuyu kimejaa. Keshokutwa akaomba kabeji. Kisha akaiomba ile kofia ya sufu, kichwani mwa mwenyewe, na akarudi nayo imemshukia mpaka mabegani, nyuma yake mzee anatembea na upara wake unaotoa mvuke. Baada ya hapo Mzee M'Ikiara akagundua ujanja. Gichiaro inamfunga mtu akiombwa, basi dawa ni kutoombwa. Akimwona Mutuma anapanda kilima, alijificha nyuma ya ghala. Tulikuwa tunamwona mzee mzima amechutama nyuma ya mbao, mbwa wake wakitikisa mikia na kumwonyesha alipo.

Nilimkataza Mutuma. Mama alikuwa akisema, anayeomba leo na kesho, keshokutwa hasalimiwi. Nikaweka sheria: tutaomba kitu kimoja tu kikubwa, halafu basi, na tutamfanyia mzee kazi. Mwenda akawa anamchotea maji, Nkirote anamkatia ng'ombe majani. Msimu ulipofika nikapanda mwenyewe na kuomba mbegu za viazi.

Mzee alifumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Wengine wangetupa vile viazi vidogo vilivyonyauka. Yeye aliinama ghalani, akachagua vizuri vyenye macho yaliyoanza kuchipua, kwa sababu mtu wa gichiaro hapewi kibovu, na kila alichokitia guniani alikiaga. "Nenda," aliviambia. "Nenda tu."

Tulilima sote wanne. Udongo wa huku ni mweusi na mwepesi, ukiupiga jembe unafunguka kama mkate, si kama ule wa Mitunguu uliotukatalia jembe. Viazi vilipoota na kutoa maua meupe, nilikuwa napita kati ya mistari nikitembea kama bibi mwenye mali.

Maisha yakawa matamu, sijui niseme nini. Mwenda, Nkirote na Mutuma walianza shule ya chini ya kilima, na asubuhi walipitia kwa ng'ombe wa mzee. Mnakumbuka hii? Ng'ombe akilala usiku kucha, pale alipolala panabaki joto. Watoto waliamsha ng'ombe kwa heshima, wakasimama pale mahali pake na miguu yao mitupu mpaka vidole vikarudi kuwa vidole, ndipo wakakimbia shule. Njiani walichuma ngano mbichi, wakasugua mashuke kwa viganja na kutafuna punje mpaka zikawa ubani wa kuvutika. Mwalimu aliwakuta darasa zima wanatafuna kama mbuzi. Leo mtoto ananunua ubani wenye picha, anaumaliza utamu kabla hajafika mlangoni. Jioni tulikalia vipande vya jerikeni na kuteleza kilima kizima mpaka kwenye ua wa mtu, tukaamka na kupanda tena. Mwenda aliteleza mpaka suruali ikabaki kiuno na magoti. Tulikula viazi vya kuchoma kwenye majivu na chumvi, tukanywa uji wa wimbi moto moto mpaka masikio yanachemka. Na usiku tulilala wanne kitandani, Mutuma katikati kama mfupa ndani ya nyama, tukagombania nani alale ukutani.

Kisha viazi vikaanza kufa.

Ilikuwa hivi. Mzee M'Ikiara alikuwa ameondoka kwenda mjini kumwona binti yake aliyejifungua. Hakuwepo wiki kadhaa. Asubuhi moja nikaona majani ya viazi yamekuwa ya manjano. Baada ya siku chache mashina yakainama. Kisha yakakauka, mstari baada ya mstari, kama mtu anapita akiyagusa. Sisi ni watu wa mfereji. Mtu wa Mitunguu akiona jani limekauka anajua jambo moja tu: kiu. Hakuna aliyetuambia kwamba kiazi huvaa sanda kikiwa kimekomaa.

Tukachota maji. Ee Mungu, tulichota. Mto ulikuwa chini bondeni, na tulipanda na jerikeni kabla ya shule na baada ya shule. Nkirote akawa anaimba ili tusisikie mabega. Maji tuliyaelekeza zaidi upande wa chini, ulio karibu na mto, kwa sababu ndio ulikuwa rahisi kufikiwa. Majirani wa mbali walitupungia mkono wakidhani tunanywesha mifugo. Na viazi havikuamka. Nilianza kuona lile gari la baba mdogo katika akili yangu, na mlango wake wazi, na mahali pa kila mmoja wetu ndani yake.

Nalo likaja. Ilikuwa asubuhi angavu, mlima umetoka wote. Baba mdogo Gitonga alishuka amevaa makoti mawili, akatukumbatia mmoja mmoja, akatushika mashavu akasema tumenenepa. Kisha akatazama shamba. Akayaona mashina makavu, akamwona Mwenda na jerikeni begani. Alikuwa mtu wa Mitunguu kama sisi, na alisoma shamba lile kama nilivyolisoma mimi. Machozi yakamtoka, na si ya uongo.

"Umejaribu, mwanangu," akaniambia. "Hata baba yako angeona umejaribu. Leteni vitu vyenu."

Nilikuwa nimesema sitalia, na sikulia. Niliingia ndani nikaanza kukunja nguo za Mutuma. Mikono yangu ilikunja shati moja mara nyingi. Nkirote alikuwa ameshika mwimo wa mlango, ameushika tu.

Ndipo nikasikia mbwa. Mzee M'Ikiara alikuwa amerudi, na alishuka kilima kwa hasira zote kwa sababu gari lilikuwa limeegeshwa juu ya majani ya ng'ombe wake. Alipofika shambani akasahau gari. Akaingia katikati ya mistari, viatu vyake vikazama kwenye matope tuliyoyatengeneza. Akageuka.

"Nani alikuwa anamwosha maiti?" akauliza.

Nikatoka nikamwambia ni mimi, viazi vilikauka, tukavimwagilia maji.

Akapanda hadi mistari ya juu. Kisha akainama, akashika shina moja kavu, akalivuta. Viazi vikatoka vimening'inia, vikubwa, vyekundu, vimejaa udongo. Akavuta jingine. Mwenda aliangusha jerikeni. Baba mdogo akavua koti moja, kisha la pili, akaomba jembe.

Tulichimba siku ile yote. Hata dereva wa gari alichimba. Tuliimba, tukarushiana udongo, Mutuma akakimbia na kila kiazi kikubwa kwenda kumwonyesha kuku. Upande wa juu kila shimo lilikuwa sherehe. Lakini tulipofika upande wa chini harufu ikatupokea kabla ya viazi. Vilikuwa vimeoza. Vile tulivyovipenda zaidi, vile tulivyovibebea maji mengi zaidi, vililainika vidoleni kama uji. Mstari baada ya mstari, tulichimba uji.

Jioni lundo lilikuwa kwenye kona ya nyumba ya baba. Baba mdogo alisimama kando yake. Lilikuwa lundo zuri, lakini lilisimama kiganja kimoja chini ya dirisha. Mwenda akaingiza mkono chini ya lundo kulifanya liinuke kidogo, nikamtoa.

"Nilisema neno mbele ya watu," baba mdogo akasema. Sauti yake haikuwa na furaha. "Halijafika."

Mzee M'Ikiara alikuwa mlangoni, anapangusa matope. Akamwuliza baba mdogo, "Wewe na baba yao ni tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Kwa hiyo ukoo ni ule ule."

"Ni ule ule, mzee."

"Vizuri," akasema Mzee M'Ikiara. "Tangu watoto hawa wafike, nimetoa moto. Nimetoa kuni, maziwa, kabeji, mbegu bora za ghala langu. Kofia yangu unaiona pale imevaliwa. Mimi sijaomba kitu kwenu. Hata punje. Sasa naomba."

Nilimwona baba mdogo akielewa. Ilimpanda usoni polepole kama maji yanavyopanda kwenye mfereji.

"Omba mbuzi," akasema haraka. "Nina mbuzi wazuri."

"Mbuzi wa joto nitamfanyia nini? Naomba hawa wanne wabaki walipo. Usinitolee hata mmoja."

Kisha baba mdogo Gitonga akaketi juu ya viazi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akampiga dereva mgongoni, akasema amekuja kuchukua watoto na amechukuliwa yeye. Lakini alikuwa mtu wa Meru, na hakuondoka hivi hivi. Alipomaliza kucheka alisimama, akajipangusa, akamtazama mzee machoni.

"Nimekupa," akasema. "Na mimi naomba kwako. Uwe jicho lao. Wasiumwe hujui, wasilale njaa hujui."

Mzee M'Ikiara akafumba macho, uso ule ule wa kung'olewa jino. Alikuwa amesahau kwamba kamba ya gichiaro ina ncha mbili. "Nimekupa," akasema, na akatoka nje akinung'unika kuhusu majani ya ng'ombe wake.

Alikuwa jicho letu mpaka alipofumba lake. Alinung'unika kila siku na hakukosa hata siku moja. Wanawe walipokuja kumzika walishangaa kukuta watu watatu wasiowajua wakilia kuliko wao. Mutuma hakulia. Alisimama tu, akasema sasa hakuna mtu wa kujificha nyuma ya ghala.

Juzi mtoto wa Mutuma aliniuliza ukoo ni nini. Akauliza ni kama grupu ya kwenye simu. Nikamwambia ndiyo, ila hii huwezi kujitoa hata wakikuudhi. Akafikiri, akasema hiyo ni mbaya. Simlaumu. Wanakaa kwenye majumba ambayo mlango wa jirani uko hatua chache, na jirani wanamjua kwa gari lake. Wana moto wa kubonyeza. Hakuna mtu wa kumwendea na kipande cha bati, kwa hiyo hakuna anayewauliza wao ni watoto wa nani. Wana joto kila chumba, na kila mtu ana chumba chake, na mlango umefungwa.

Sisemi enzi zetu zilikuwa bora kwa kila kitu. Viatu ni vizuri. Shule niliyoiacha, hakuna aliyeiacha baada yangu katika nyumba hii, na hilo nalisema kwa sauti. Lakini mambo hayakuja yote kama nilivyoyataka. Baba mdogo alitaka kuwagawa ndugu zangu kwa siku moja, nikakataa na Mungu akanisaidia. Kisha maisha yakawagawa yenyewe, polepole na kwa adabu. Mwenda alipata kazi ya ualimu upande wa Embu. Nkirote aliolewa chini Githongo, kwenye kahawa. Mutuma akaenda Nairobi na hakurudi ila kwa likizo. Na kila mmoja alipoondoka, ni mimi niliyemkunjia nguo, nikamfungia viazi kwenye gunia, nikamsindikiza mpaka barabarani. Na safari hizo, mikono yangu ilikunja kila shati mara moja tu.